Kanyinya Ipi, Mama?

Mdogo wangu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na viatu vipya vya kupandia mlima, vyake na vya mama, na mlima wenyewe alikuwa ameshaupata kwenye simu. Alinionyesha palepale sebuleni kwangu, Kibondo, kabla hata hajanywa maji. Aligusa kioo kwa kidole, likatokea jina, Kanyinya, na barabara yake ikatokea.

"Hata mbali si mbali, dada. Tunaacha gari chini, tunapanda polepole. Mama ataweza."

Nikamwambia Kanyinya ziko nyingi. Mimi nauza vitenge, nazunguka kwenye magulio ya wilaya zote hizi. Nina wateja wa Kanyinya ya upande wa Kitanga, kule Kasulu, na Warundi nao wana Kanyinya zao ng'ambo. Akanigeuzia simu tena, kana kwamba shida yangu ilikuwa macho. Nilikasirika siku ile na mpaka leo sijapoa, kwa hiyo anayetaka kusoma habari za upepo mzuri wa milimani asome kwa mwingine.

Mama alitaka kitu kimoja tu. Mtoto wake wa kwanza, dada yetu ambaye sisi wawili hatukumkuta, alizikwa Kanyinya, nyuma ya nyumba ambamo mama aliolewa. Alikufa akiwa bado ananyonya. Kaburi halijaota hata majani vizuri, malori ya kuhamishia watu vijijini yakafika, wakaambiwa wapakie vyombo na wapande. Mama hakurudi tena. Njia alikuwa akiijua baba, na baba hakutaka kusikia habari za kule, akafa nayo. Sasa magoti ya mama yamekwisha. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mlima mmoja labda, usiwe mrefu, na baada ya hapo atulie nyumbani. Tulikuwa na mlima mmoja, basi. Hapakuwa na nafasi ya kujaribu.

Tulimwuliza, ila kwa namna ile ambayo watoto huwauliza wazazi wakiwa wameshaamua.

"Kanyinya ipi, mama?"

"Kanyinya," akasema. "Ya kwetu."

Mdogo wangu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini mama angejibu nini kingine? Alipelekwa kule bibi harusi, gubigubi ndani ya nguo, akaondolewa kwa lori lililofunikwa turubai huku mvua inanyesha. Barabara hakuiona wakati wa kwenda wala wa kutoka. Alichokijua ni mlima wenyewe, na hakuna kati yetu aliyemwuliza mlima wenyewe ulikuwaje. Tulitaka jina, jina likawa linafanana na la kwenye simu, tukafurahi.

Tulipofika kwenye kijiji kilicho chini ya mlima, mdogo wangu alishusha kioo akawauliza watu wa pale kama ule ndio Kanyinya. Wakamwambia ndio. Wakauliza sisi ni wa nani, mama akataja ukoo wa baba, na hapo bibi mmoja akatoka nyumbani kwake mbio, mikono kaitanua, akimsalimu mama na kumwita ndugu yake kwa lugha ya kwetu.

"Yemwe, mwene wacu! Mwakeye!"

Alimkumbatia mama, akampapasa mgongo, akaulizia watu waliokufa zamani kwa majina ya nyumbani. Wazazi wake walitoka mlima uleule wa mama, wakapakiwa kwenye lori jingine. Mdogo wangu akanikonyeza. Mimi mwenyewe lile la lori lilinipita, nikaona aibu kwa ubishi wangu. Kuku akakamatwa, ugali wa muhogo ukasongwa, firigisi akapewa mdogo wangu kwa kuwa ndiye mwanamume wa msafara. Tukala, tukanawa, tukapanda.

Mama alipanda mlima ule wote. Alijishikiza begani kwangu, akawa anasimama, anapumua, anaendelea. Bibi wa pale chini na majirani zake walitusindikiza kwa nyimbo. Kule juu mama alikaa kwenye majani, akapiga macho huku na huku. Kaburi hakulitaja, nasi hatukumwuliza, na bibi akamwuliza anaonaje kwao.

"Ni pazuri," mama akasema.

Mdogo wangu akampiga picha. Iko kwenye simu za ukoo mzima, kila mtu ameweka moyo mwekundu chini yake.

Ndani ya gari, tumeshapita nyumba ya mwisho, mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si penyewe."

Mdogo wangu alikanyaga breki. Nilimwuliza mama alijua tangu lini. Akasema tangu gari liliposimama. Nilimpandishia sauti, sioni haya kusema. Nilimwuliza kwa nini basi alipanda, kwa nini alikubali kuumaliza mlima wake mmoja kwenye kichuguu cha watu wengine.

"Na kuku wameshachinja?" akasema. "Niwaambie watu waliotoka kwetu kwamba mlima wao si Kanyinya?"

"Ndiyo, mama. Uwaambie."

"Wewe ungewaambia?"

"Mimi ningewaambia kabla sufuria halijainjikwa."

Akageukia dirishani. Kwa watu wetu mgeni akishakaribishwa hana tena ruhusa ya kuona kasoro. Ugali ukiwa mbichi ni mzuri, kitanda kikiwa na kunguni umelala vizuri, na mlima usipokuwa wenyewe unaupanda na kuusifia. Nimelelewa hivyo na ninauchukia ustaarabu huu, kwa sababu nimeona unachomfanyia mama yangu maisha yake yote. Waliokuja na malori nao walimkuta mwenye adabu.

Magoti yalivimba, yakakataa. Mdogo wangu akarudi Dar es Salaam akisema tutapanga tena siku nyingine, na viatu vya mama vikabaki mlangoni vikiwa na udongo mwekundu wa mlima wa watu.

Niliporudi kule kwa ajili ya gulio, nilimfuata yule bibi. Nilikwenda na hasira zangu tayari kinywani, lakini alinivutia kigoda, nikaketi. Nikamwuliza, kwa heshima iliyonigharimu, Kanyinya ile ilikuwa Kanyinya tangu lini.

"Tangu tufike," akasema, akiniita mwanawe kwa lugha ya kwetu. "Tulishushwa hapa hatujui kitu, mwana wanje. Mlima uko mbele yetu, hatujui unaitwaje. Wazee wakasema hatuwezi kulala chini ya mlima tusioujua. Wakauita wetu."

Wa lori la Kitanga walifanya vivyo hivyo, akasema, na hata waliohama wenyewe baadaye kutafuta mashamba. Kila walipotua waliweka jina. Mlima wa kwanza ulikuwa wapi? Alionyesha kwa kidevu upande wa Kasulu na kuendelea, kisha akasema hakuna tena anayeuita hivyo, maana waliokuwa wakiuita hivyo wote waliondolewa. Niliwaza simu ya mdogo wangu. Hata angetafuta mwaka mzima, kila Kanyinya ambayo ingemletea ingekuwa ya waliofukuzwa.

Nikarudi nyumbani, nikakaa na mama barazani tukipukuchua maharage, na nikamwuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya viatu kununuliwa. Ukisimama mlangoni kwako, unaona nini?

Hakufikiri hata kidogo. Mbele kuna mlima mwingine uliokatika kichwa, jua linatokea begani kwake. Chini kuna mto unaojikunja ukafanya kisiwa cha matete. Chini ya njia ya kupandia kuna jiwe pana jeusi ambalo wanawake huanika muhogo. Nyuma ya nyumba kuna mti wa mvumu ambao baba aliupanda kwa kuchomeka kijiti tu, na kaburi liko chini yake.

Niliacha kupukuchua. Jiwe lile ninalijua. Napita chini yake kila nikienda kununua mzigo Munanila, na siku za jua linakuwa jeupe pe kwa muhogo. Mlima ulio juu ya jiwe hilo sasa unaitwa Mnarani, kwa sababu una mnara wa simu juu, na wanaolima pale ni watu waliokuja baadaye, familia zilizokimbia Burundi zikapewa uraia. Hawakumkuta mtu wa kuwaambia jina, kwa hiyo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba nimepita pale miaka yote nikisinzia dirishani.

Nilikodi gari, nikampeleka mama. Tulipolifikia jiwe alinishika mkono akaubana, akasema, "Hapa." Alishuka, akajaribu. Alipiga hatua chache kwenye mteremko, goti likamkatalia, akajaribu tena kwa kushika majani, kisha akasimama akiwa ameinama hivyo hivyo. Nilitaka kumbeba. Alikataa. Mwenye duka la pale barabarani akatoa kiti cha plastiki, mama akakaa akiutazama mlima, akaniambia nipande mimi, nikifika nimpigie.

Nilipanda kwa hasira, na hasira zina nguvu, nilifika upesi. Mlima uliokatika kichwa ulikuwepo. Mto ulikuwepo na matete yake. Nilitafuta mvumu, nikauona, au kisiki chake, ndani ya uzio wa waya unaozunguka mnara. Ardhi yote mle ndani ilikuwa imesawazishwa na kumwagiwa kokoto. Mlinzi alikuwa anafua, na beseni lake alikuwa ameliweka juu ya kisiki.

"Mama, huku hairuhusiwi," akasema.

Nilimwambia kuna mtoto amezikwa hapo. Alitazama kokoto, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba yeye alikuta hivi hivi, na kwamba hapa hajawahi kukaa mtu. Niliushika waya kwa mikono yote miwili. Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nadhani nilipiga, maana aliacha kufua na kusimama.

Simu ikaita. Chini ya mnara sauti ya mama ilikuja safi, kama tumekaa mkeka mmoja.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Mvumu upo?"

Maneno yote niliyoyaandaa tangu ile siku ya kuku yalikuwa mdomoni, na nilikuwa na haki ya kuyasema. Kule chini niliweza kumwona, kitenge chake cha njano kwenye kiti cheupe, uso ameuinua kunitafuta.

"Ni pazuri," nikasema.

Nilisikia redio ya dukani na mtu akicheka.

"Haya," mama akasema. "Teremka, mwana wanje. Nimeelewa."