Marahaba ya Bibi

Juzi, hospitalini Kiomboi, mzee mmoja aliyepata kiharusi alimwitikia muuguzi “marahaba” vizuri kabisa, kisha akabaki kumtazama tu alipoambiwa anyooshe mkono. Nikaisikia tena harufu ya alizeti iliyoanikwa uani kwetu, mchana ule wa utotoni mwangu mama alipoenda shamba akatuacha mimi na bibi.

“Bibi, fimbo unayo wewe, fukuza kuku!”

Alitabasamu, kuku wakaendelea kudonoa. Nilidhani tangu augue hanipendi tena. Nikajaribu salamu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

Nikamwamkia tena, na tena, naye akaitikia kila mara, mpaka mama akarudi.

“Unamdhihaki bibi yako?” akanigombeza.

Leo najua kiharusi kilimnyang'anya maana ya maneno, kikamwachia salamu. Siku ile nilijua tu kwamba nikiacha kumwamkia, nitabaki peke yangu.