Redio Ilipigwa Picha, Dada Yangu Hakupigwa

Jumapili iliyopita tulipata wageni, na unajua mgeni akifika kwetu hupewa nini kabla chai haijachemka: albamu. Anawekewa magotini, anafungua, anasema "ala, huyu ni wewe?" hata kama ameiona mara kumi. Dada yangu mdogo, ambaye sasa ana miaka tisa na mdomo mrefu kama wangu, alikuwa amejibana nao kwenye kochi. Wakafika kwenye ile picha iliyopigwa ndugu yetu alipozaliwa. Mama yuko, Baba yuko, mimi niko, mtoto yuko ndani ya shali.

"Mama, na mimi nilikuwa wapi?" dada yangu akauliza.

"Ulikuwa umelala," Mama akajibu huku akimimina chai.

Rafiki yangu, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Huwa nadanganya walimu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na usiku napata usingizi mzuri. Lakini uongo ule ulinipandisha hasira mpaka masikio yakawaka. Hakuwa amelala hata kidogo.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, tulikaa chumba kimoja katika mtaa wa zamani huku Eastlands, Nairobi, pazia likiwa ndilo ukuta wa chumba cha kulala. Asubuhi ilinuka mafuta taa na uji. Jioni ilinuka sukuma wiki ya nyumba ishirini, zote zikikaanga kwa wakati mmoja. Nilikuwa darasa la nne, na kazi yangu ilikuwa kuchota maji mferejini na kumbeba dada yangu mgongoni. Alikuwa na miaka miwili na miezi kidogo, mzito kama gunia la viazi, na mwenye kinyongo cha haki kabisa. Mama alikuwa amejipaka pilipili kwenye matiti ili amwachishe kunyonya, na kabla ulimi wa mtoto haujapoa vizuri, akaletwa mwingine akakalia mapaja yale yale.

Huyo mwingine alikuwa mvulana, wa kwanza kwetu baada ya sisi wasichana wawili. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba makatoni kwenye kiwanda cha sabuni, alitembea kwenye korido wiki nzima kama mtu aliyezaa yeye. Akasema ni lazima picha ipigwe, itumwe kwa nyanya yetu huko ushago, kijijini. Mtoto hakuwa ametimiza siku za kutolewa nje, kwa hivyo mpiga picha wa mtaa akaitwa nyumbani.

Sasa, kwetu hakuna aliyepigwa picha na vitu vyake. Ukiita mpiga picha, korido nzima inachanga. Redio kubwa ya kaseti ilitoka mlango wa tatu. Maua ya plastiki yalitoka kwa mwenye duka. Vitambaa vya kufuma vya kutandika kochi vililetwa na jirani yetu, mama mmoja wa Mombasa aliyeuza mahamri mlangoni, na akabaki kutazama visichafuliwe.

Dada yangu nilimvalisha mimi. Gauni jekundu la mtumba wa Gikomba lenye kola nyeupe, soksi nyeupe, miguu imepakwa mafuta ikang'aa kama sufuria. Tangu asubuhi alikataa kuketi, eti gauni litajikunja. Alisimama mlangoni akitangazia kila mpita njia, "Napigwa picha!"

Mpiga picha akaingia na koti lake na kamera yenye taa kubwa juu, taa iliyolia nyiii kabla ya kumulika. "Mzee, filamu imebakisha moja tu," alimwambia Baba. "Tuipige safi."

Mama akaketi na mtoto. Dada yangu naye akapanda mapajani kama alivyozoea, akavuta shali.

"Toa huyu," Baba akasema. "Ataniharibia picha."

"Jamani, na yeye si mtoto?" jirani wa mahamri akauliza. "Mtieni naye, ana dhambi gani?"

"Mama, hawa wa rika hili ni shida," mpiga picha akamjibu. "Unabonyeza, anageuka, anatoka na vichwa viwili."

Watu wakacheka. Dada yangu akapiga mayowe hadi redio ikaonekana kuogopa. Ndipo yule bwana akachuchumaa na sauti yake ya sukari: "Njoo, mrembo. Wewe nakupiga peke yako."

Akamsimamisha kando ya redio. Dada yangu akanyamaza papo hapo. Akabana mikono mbavuni, akashikilia pumzi. Taa ikamulika.

Taa tu. Kamera haikulia. Mimi nilikuwa nimemfuata yule bwana kwenye harusi za mtaani, nilijua picha hulia kachak, kisha anazungusha filamu kwa kidole gumba. Hapa alibonyeza tu kidude cha nyuma ya taa. Akamkonyeza Baba, Baba akacheka. Nami nikaelewa, na kwa raha ya kuelewa mzaha wa watu wazima, nikacheka kuliko wote. Wewe, acha niseme tu, nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Dada yangu akashuka pale ameridhika, akaenda mwenyewe kwa jirani wa mahamri. Sisi tukajipanga. Kachak.

Wiki mbili alikimbilia kila hodi: "Picha yangu!" Bahasha ilipofika, akaitazama ile moja. Akaigeuza nyuma, labda yuko upande huo. Akaingiza mkono kwenye bahasha, akaikung'uta.

"Yako haijakauka," Baba akamwambia, akirudi kwenye gazeti lake.

Aliamini! Aliuliza kesho yake, na kesho kutwa, hadi siku moja akaacha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ni siku gani. Redio ya watu imo kwenye picha ile. Maua ya plastiki yamo. Nyanya aliitundika ukutani na kusifu vitambaa.

Siku hizi tunakaa Komarock, vyumba viwili, mlango wetu wenyewe. Jirani wa mahamri alirudi kwao. Studio ya yule bwana sasa ni kinyozi. Kamera nyingine hatukuiona hadi dada yangu alipoanza shule.

Wageni walipoondoka Jumapili, nilimvuta nje nikamwambia yote, na kicheko changu pia. Nilingoja anipige. Hakunipiga.

"Sasa nilikuwa naonekana aje?"

Nikaanza mbio: gauni jekundu, kola, soksi, miguu ya kung'aa.

"Sio nguo. Mimi. Uso."

Nikafumba macho. Gauni nililiona, hata mshono uliofumuka kwapani. Nikapandisha macho polepole hadi kwenye kola, na juu ya kola nikakuta uso huu wa miaka tisa, huu huu uliokuwa mbele yangu. Mwingine sikuupata.

"Sema basi," akasema, akinivuta mkono wa sweta. "Si wewe ulikuwa unanibeba?"