Mashine Iliyokubali "Kiti Moja"

Jumanne, 14 Mei. Mvua ilikatika asubuhi lakini ukungu ukakataa kutoka juu ya mlima Menengai, na baridi haikuisha siku nzima.

Leo nilirudia mtihani wa automata, zile mashine za kuchora karatasini, ule wa kusimama mbele ya mwalimu. Mara ya kwanza nilianguka. Nikianguka tena chuo kinaniondoa, na kwa umri wangu, na ile form four yangu ya kubahatisha, sijui nani mwingine atanichukua.

Kazi ilikuwa kuchora mashine ya kukagua maneno mawili ya Kiswahili: kitu na idadi yake. Yenyewe ni miduara na mishale tu. Kila neno linakusukuma kwa mshale wake. Ukiishia kwenye mduara wa mistari miwili, mashine imekubali. Kuna mduara mwingine tunauita shimo, ukiingia hutoki. Huo nimeuogopa wiki nzima.

"Haya mzee, mtoto mmoja," mwalimu akasema. Ni mdogo kwangu, lakini namwita madam.

Kidole changu kikafuata mishale ya mashine. Ikakubali.

"Kiti moja."

Ikakubali. Sikuona kosa mpaka wanafunzi waliokaa nyuma wakacheka. "Mzee ametuchorea Kiswahili cha Subukia!"

"Kwetu Subukia tunasema hivyo, madam."

"Hata kwetu. Lakini hapa juu umeandika mashine inasoma nini?"

Nilikuwa nimeandika Kiswahili sanifu, kwa mkono wangu. Ningependa kusema alinionea, ila hakunionea. Mashine haijui kwetu wala kwao. Inafungwa na kile ulichosema itakubali.

"Rekebisha."

Nikashika kalamu ya ubao. Nikaupeleka mshale wa "kiti moja" shimoni. Kwa woga nikahamisha na mwingine wa jirani, nikiomba tu uwe sawa.

"Vitabu mbili?"

Shimoni.

"Vizuri." Akaanza kuandika alama.

"Madam, huo wa vitabu nimebahatisha."

Kalamu yake ikasimama. Akakunja karatasi. "Basi siwezi kukupa alama leo. Njoo Ijumaa, unieleze kila mshale."

Nyumbani, mtaani Free Area, mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. "Baba watoto, ungenyamaza ungekufa?"

Pengine ana haki. Pengine nimejitoa chuoni kwa mdomo wangu mwenyewe, na Ijumaa nitasimama pale nisijue la kusema.

Tulikula ugali na sukuma, na maziwa lala, yale ya kuganda. Yangu sikumaliza.