Kiingereza cha Kuamia Ndege

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa hapendi kunong'onezwa. Ukisimama kujibu kwa sauti ya kujificha, alipiga meza kwa kifutio, vumbi la chaki likatimka, akasema neno moja tu: "Sauti!" Alikuwa mtu wa bara, mrefu, shati lake limenyooshwa kwa pasi hata ukaogopa kuligusa. Tangu afike kwenye shule yetu ya kati, hapo Kibiti, hakuwahi kuelewa kwa nini wasichana wawili wa darasa lake, mimi na shoga yangu, tulisema kama watu waliokaa msibani.

Angemuuliza bibi yangu angeelewa. Bibi, mzaa mama, ndiye aliyenilea kijijini Mtawanya, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa deltani, upande wa Nyamisati, baba akikata boriti za mikoko. Kwa bibi, mtoto wa kike kupaza sauti mbele ya wanaume ilikuwa aibu ya ukoo mzima. "Sauti yako isivuke ua," aliniambia tangu sijajua kufunga kanga. Sasa nikae darasani na wavulana chumba kizima, mwalimu mwanamume, halafu nipige kelele? Ulimi ulikuwa unakauka kabla sijasimama.

Na somo lenyewe lilitaka kelele. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na mtindo wa kufundisha ulikuwa wa kusema huku unatenda. Unaitwa mbele, unaanza: nakwenda mlangoni, naufungua mlango, nautazama uwanja, naufunga mlango, narudi mahali pangu. Darasa zima linakutazama ukizungumza na mlango. Baadaye imla, kisha kusoma kitabuni habari za familia moja ya Ulaya iliyokaa mbele ya moto ndani ya nyumba mchana kutwa. Sisi tuliwahurumia sana, tukiamini wote wana homa. Mwisho wa somo tunapewa sentensi za kukariri nyumbani, na kesho yake mwalimu anaanza kwa kuziuliza. Mimi nilizijua. Naapa nilizijua kuliko wavulana wengi waliokuwa wakizibwata. Lakini zilitoka mdomoni zikiwa zimekwisha kufa, na mwalimu akaniandikia alama ya mtu asiyejua kitu. Nilikuwa narudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikipiga teke kila jiwe njiani.

Ndipo mpunga ukaanza kutoa masuke.

Mtu wa kwetu haelezwi maana yake. Mpunga ukiingia maziwa, watu wanahama nyumba zao wanashuka bondeni, wanakaa kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miguu ya miti katikati ya shamba, unavipanda kwa ngazi. Huko juu mtu anaamia ndege, anawafukuza wasile mpunga, kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Ana kombeo, ana vidonge vya udongo mkavu, ana kamba zilizofungwa madebe matupu za kuvuta, na zaidi ya vyote ana koo lake. Kwelea wakishuka shamba moja bila kufukuzwa, wakiinuka yamebaki makapi. Na makapi hayapikiki.

Bibi hakuzunguka. "Shule yako sijaikataa," alisema, akifunga mkeka wa kuhamia. "Lakini mpunga huu ndio tutakaoula mwaka mzima. Nyama ya miguu yangu imekwisha, ngazi siiwezi kila siku. Ukiliwa mpunga kwa sababu ya Kiingereza, basi na Kiingereza kimekwisha. Mshika mawili moja humponyoka, mke mwenzangu."

Aliniita mke mwenza kwa utani wa bibi na mjukuu, ila hayo mengine hayakuwa utani.

Dungu la jirani lilikuwa la kwao shoga yangu. Mama yake alikuwa ndani ya arobaini ya uzazi, hivyo ulinzi wa shamba lao nao ulimwangukia binti. Tukakaa chini ya ngazi tukalia kidogo, kisha tukapata shauri. Leo aende shule yeye, mimi niamie mashamba yote mawili. Kesho niende mimi, yeye alinde. Aliyekwenda akirudi, anapanda dungu lake na kumpa mwenzake somo zima kwa kupaza sauti juu ya mpunga, naye akirudisha alilosikia, na ndege tukiwaamia sote wawili kwa pamoja.

Ilianza kwa shida. Kati ya madungu yetu palikuwa na eneo kubwa na upepo haukuwa na huruma. Ukisema kwa sauti ya darasani, maneno yaliishia kwenye masuke. Basi tukapaza. Halafu tukaona jambo. Nikipiga yowe la kawaida, lile la "Hoo! Hoo!", kwelea waliruka kidogo wakatua palepale, kwa maana hilo waliliamkia na kulilalia. Lakini nikisema "I am opening the door!" kwa nguvu zangu zote, kundi zima liliinuka likavuka mpaka kwenye matete. Hawakuwahi kusikia kitu cha namna ile.

Toka hapo sikuamia kwa lugha nyingine. Kwelea wa bonde lile walifunguliwa milango, wakafungiwa madirisha, wakasomewa habari za familia ile yenye homa tangu mwanzo mpaka mwisho. Adhuhuri, ndege wakipumzika, nilikaa nikirudia kimoyomoyo. Wakianza kushuka tena, nilisimama na kuwapa somo. Hakuna aliyeniambia nishushe sauti. Kwenye dungu sauti ndiyo kazi, na hata mwanamume akipita chini hasemi kitu, atasema nini, mpunga analindiwa. Nilihisi kifua changu kinapanuka. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niseme ni ya nini.

Bibi alikuwa chini, akipika kwenye mafiga na kunicheka.

"Unawaambia nini hao?"

"Nawaambia nafungua mlango, bibi."

"Mlango gani? Dungu lina mlango?"

"Ndivyo tunavyofundishwa."

"Lahaula! Mtu anatoka asubuhi yote kwenda kufundishwa kufungua mlango." Kisha akainua uso akawapigia ndege lile yowe lake la kizamani: "Hoo! Nendeni kwa jumbe, ana mpunga mwingi!" Ndege hawakutikisika.

Tatizo likawa ni mwalimu. Leo anaona mmoja, kesho anaona mwingine. Alituambia yeye hafundishi wasichana wawili, anafundisha msichana mmoja mwenye nyuso mbili. Tukamweleza habari ya mpunga. Akasikiliza, maana hakuwa mtu mbaya, lakini akasema mkaguzi atakuja siku ya kufunga shule kwa likizo, na siku hiyo kila mtu atasimama na kuulizwa Kiingereza mbele yake. Sote wawili tufike. Asiyefika, au atakayesimama kunong'ona, nafasi yake itapewa mwingine, kwa sababu wanaoitaka ni wengi.

Sote wawili, siku moja. Na masuke ndiyo kwanza yanageuka rangi.

Nilimwambia bibi nikiwa nimepiga magoti, na machozi sikuyazuia. Alichambua mboga mpaka zikaisha. Mwisho akasema, "Nendeni. Nitapanda mimi. Ngazi hiyo niliipanda kabla mama yako hajazaliwa. Lakini mimi ni mtu mzima, sauti yangu imechakaa. Nikishindwa, mpunga ukaliwa, tulivyoagana ni vilevile: na Kiingereza kimekwisha."

Asubuhi ile tulipanda kutoka bondeni karibu kwa kukimbia. Kila nilipogeuka niliona kundi la ndege angani.

Mkaguzi alikuwa Mwingereza wa umri wa baba yangu, amevaa soksi ndefu na kaptura, amekaa nyuma ya darasa na kofia magotini. Wavulana walianza. Wengine walikuwa hodari, wengine waliponzwa na macho ya mzungu. Akaitwa shoga yangu. Akasimama, akaifungua ile milango na madirisha kwa sauti iliyomfanya mwalimu aache kuandika. Kisha nikaitwa mimi.

Nilitoka mbele. Nilitaka kutazama sakafu, kama kawaida yangu, lakini nilipoinua kichwa niliona safu za vichwa vyeusi zimejaa chumba kama kwelea juu ya masuke, na mwili wangu wenyewe ukajua la kufanya. Nikavuta pumzi. Sentensi ya kwanza ilipotoka, mvulana wa dawati la mbele alirudi nyuma. Nikaenda mlangoni nikisema naenda mlangoni, nikaufungua nikisema naufungua, na mpishi wa shule, aliyekuwa jikoni huko ng'ambo ya uwanja, akatoka na mwiko wake kuangalia anaitwa na nani.

Mkaguzi akainuka. Akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, sauti hii nimeipata wapi. Hilo halikuwamo katika sentensi za kukariri. Nilitafuta maneno, nikayapata. Nikamwambia nalinda mpunga wa bibi yangu, naishi juu ya miti, ndege wakija nawapigia kelele. Akauliza, unawaambia nini hao ndege? Nikamjibu kweli: nawaambia masomo ya mwalimu.

"Show me," akasema.

Nikamwonyesha. "I AM OPENING THE DOOR!" Kofia ya mkaguzi ilimponyoka mkononi. Darasa likapasuka kwa kicheko, mkaguzi akacheka mpaka uso ukawa mwekundu, na mwalimu wetu, mtu ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, alikaa kwenye kiti akajifuta macho kwa leso. Aliponyamaza alituita mimi na shoga yangu mbele ya wote. Akasema nafasi zetu ni zetu, wala mtu asiziulize tena, na kwamba kuanzia muhula ujao sisi ndio tutakaosoma kwa sauti darasa likifuatisha.

Hatukungoja kuagana na mtu. Tulivua viatu tukakimbia. Furaha ilinijaa mpaka kooni, lakini chini yake kulikuwa na hofu: nafasi ya shule ninayo, je, mpunga upo? Tulipofika ukingoni mwa bonde tukaona ndege. Wengi mno, wingu zima, wamekaa juu ya mashamba yetu, na shoga yangu akanishika mkono kwa nguvu.

Halafu tukasikia sauti. Ilikuwa ya mikwaruzo, imechoka, ya mtu aliyepiga kelele tangu alfajiri.

"Ai em openingi zi doo! Ai em kilozingi zi windo!"

Lile wingu likavunjika, likageuka, likapita juu ya vichwa vyetu kuelekea matete. Juu ya dungu alisimama bibi yangu, kanga ameifunga kibwebwe, kombeo mkononi, anawafungia kwelea madirisha.

Nilipanda ngazi bila kujua nimeipandaje. Masuke yalikuwa yamesimama, mazito, shamba letu na la jirani. Nilimwamkia nikihema, akaitikia huku macho yake yakiwa shambani.

"Yowe langu hawalisikii tena," akasema, amekasirika kweli. "Mmewaharibu ndege wetu. Nimejaribu asubuhi nzima, nikaona watanimalizia mpunga, ikabidi niseme hivyo vyenu. Haya, shule?"

"Nimepita, bibi. Nafasi ni yangu."

Alinitazama, akanifuta jasho la uso kwa ncha ya kanga yake, akanipa kombeo, akaanza kushuka ngazi taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine. Kundi jingine lilikuwa linakuja kutoka upande wa mto. Nikapiga kelele, lakini mbio zilikuwa zimenimaliza pumzi, ikatoka kelele dhaifu, na ndege wa mbele wakaanza kushuka.

Bibi alisimama katikati ya ngazi, akainua uso.

"Sauti, mke mwenzangu!" akasema. "Sauti!"

Nikavuta pumzi nikaitoa yote, na ndege wakageuka.