Mashua ya Mlangoni kwa Mama Domitille

Mwaka ziwa lilipopanda, maji yaliingia nyumbani kwa Domitille pale Kilibula, Uvira, asubuhi akiwa anakoroga uji. Kabla ya wiki kwisha, sebule na chumba cha kulala vilikuwa na maji hadi magotini. Jikoni tu, nyuma ya kiwanja ambako ardhi imeinuka kidogo, palibaki pakavu.

Mumewe, Déogratias, alipakia kitanda na mbuzi wanne kwenye lori, waende kwa kaka yake kule Luberizi.

"Mama, panda twende," alimwambia. "Ziwa limetufukuza."

"Limekufukuza weye," Domitille akajibu. "Minye nimezaliwa Makobola, baba yangu alikuwa mvuvi. Sijawahi kukimbia maji."

Lori likaondoka bila yeye. Alihamia jikoni na cherehani yake, lakini nani angevuka matope kuleta nguo ya kushona? Mwezi mzima alikaa akiyatazama maji yaliyomnyima kazi. Ndipo akamwendea binamu yake Toussaint, aliyekuwa ameacha uvuvi na ana mashua yenye moteri imelala tu, wakabadilishana: cherehani kwa mashua. Mke wa Toussaint alicheka mpaka akakaa chini. Domitille hakucheka. Aliipaka mashua rangi ya manjano, akatengeneza viti kumi na viwili, akaagiza kutoka Bujumbura jile kumi na mbili za kuvaa, zile za kumfanya mtu aelee.

Jumapili baada ya misa alianza kutembeza watu ziwani kutoka plaji, ule ufukwe wa mchanga: maarusi, wanakwaya, walimu na watoto wao. Aliwapeleka upande wa Kavimvira, karibu na mdomo wa mto Ruzizi, akazima moteri mbali kabisa na viboko ili wawatazame wakipumua. Walikuwepo waliosema ni aibu kustarehe wakati watu wamepoteza nyumba. Aliwajibu kwamba nyumba iliyopotea ni yake pia, na kwamba hakuna aliyemwonyesha kilio kinachokausha sakafu.

Sharti lake lilikuwa moja: bila jile, hupandi. Mheshimiwa mmoja aliyekataa kuvaa, eti itamkunjia suti, aliachwa mchangani na suti yake.

Sharti hilo ndilo lililomchoma Frédéric, mwenye baa kubwa pale plaji. Mashua zake tatu zilibeba watu wamesongamana, bila jile hata moja, na sasa wateja walikuwa wanamwuliza, "Za kwako ziko wapi?" Frédéric alikuwa na marafiki katika kamati ya plaji. Jumapili moja Domitille alikuta kamba imefungwa mbele ya mchanga, na katibu wa kamati, kijana mpole aitwaye Espoir, amesimama hapo na barua.

"Mama, hauna ruhusa ya kupakia watu hapa. Ni uamuzi wa kamati."

"Na Frédéric iko na ruhusa?"

Espoir alimnyoshea barua. Domitille aliwarudisha abiria wake nyumbani, watu kumi na mmoja waliovaa vizuri, huku watu wa baa wakipiga makofi. Usiku huo usingizi ulimkataa.

Wiki iliyofuata alipita kwa wateja wake mmoja mmoja. Jumapili saa tatu wakaja kwa njia ya nyuma, wakapitia jikoni, wakavua viatu, wakavuka sebule wakiwa wamekunja suruali na kuinua vitenge. Mashua ya manjano ilikuwa imefungwa kwenye nondo za dirisha la mbele. Domitille alisimama mlangoni, maji yakimfika magotini, akiwavalisha jile.

Espoir alikuja mbio kwa mtumbwi.

"Mama, tulikukataza plaji."

"Plaji? Uliza mtumbwi wako unaelea juu ya nini." Akatoa karatasi za kiwanja, zimefungwa ndani ya plastiki. "Soma. Mpaka unaishia kule, kwenye ule mti uliokufa. Minye siko ku plaji. Niko ku nyumba yangu, na hawa ni wageni wangu. Ziwa ndilo lililokuja bila ruhusa, liandikieni barua."

Espoir alisoma mara mbili. Kisha akakunja karatasi taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Iko sawa, mama," alisema, akageuza mtumbwi.

Siku hiyo Domitille hakukata moja kwa moja kwenda kwenye viboko. Alipita mbele ya baa polepole, watu kumi na wawili wamevaa jile za rangi ya machungwa, kwaya inaimba. Frédéric aligeuka akajifanya anapanga viti. Pasaka ilipofika, mashua zake nazo zilikuwa na jile.

Déogratias alirudi kumchukua mkewe kwa mara ya tatu. Alimkuta akisafisha moteri, akakaa, akasubiri, mwishowe akauliza kama kuna nafasi kwenye mashua. Alirudi Luberizi, lakini kuwaleta mbuzi.

Sasa maji yameshuka kidogo, na kutoka dirishani mpaka ziwani kuna hatua arobaini za matope. Watu wa baa wamesema mama yule amekwisha. Yeye amenunua magogo sita ya mviringo, na kila Jumapili abiria wake wanavua viatu na kuisukuma mashua juu ya magogo hayo mpaka majini.

"Ziwa lirudi mlangoni, lisirudi," anawaambia, "saa tatu tunaondoka."