Blugamu Nilizopanda Chemchemini

Mimi ndiye niliyeikausha chemchemi yetu. Watu hapa wanalisema nikishapita, wananyamaza nikigeuka, kwa hivyo wacha niliseme mwenyewe. Sikuikausha kwa uchawi. Niliikausha kwa jembe, mchana, na nilikuwa na furaha.

Ilikuwa chini ya shamba letu, upande huu wa Mogogosiek ambako majani chai yanateremka kilima mpaka bondeni. Mama mkwe wangu hakukubali mtu akate hata kijiti pale. Kulikuwa na mikuyu ya zamani na matete, na kiangazi kikikaribia wanawake wa boma zote walikuja na majembe kuzoa matope. Mwenye hakuja hakuchota mpaka aeleze sababu. Mimi niliona huo ni ushamba. Alipokufa, hata mwaka haukuisha, nikaangusha mikuyu yote nikapanda mikaratusi, hii tunaita blugamu. Karibu na maji inaruka juu kama imechokozwa. Kiwanda cha chai kilitaka kuni za kukaushia majani, na redioni kila siku ni panda miti, panda miti. Nikapanda. Chifu alileta wageni wakapigwa picha na mimi nimeshika mche, nimevaa kitambaa changu cha kanisa.

Jirani yangu wa ng'ambo ya bonde, mwanamke wa rika langu, alikuja miche ikiwa magotini.

"Mwenzangu, hii mti inakunywa kuliko mlevi. Itoe."

"Wewe ni wivu tu. Upande wako ni mawe, hata nyasi inakataa."

Aliniangalia, akachota maji yake, akaenda. Hakunirudia.

Maji hayakukatika siku moja. Yalikonda. Mtungi uliokuwa unajaa kabla hujamaliza salamu ukaanza kukungojesha mpaka miguu ife ganzi. Wanawake wakaacha kuja kuzoa matope, maana utazoa nini? Halafu kiangazi kimoja nikakuta udongo umepasuka, na vyura wamekauka ndani ya nyufa kama ngozi ya kiatu. Nikasema mvua imechelewa. Baadaye nikajifunza kusema hali ya hewa imebadilika. Ni neno zuri hilo, halina mwenyewe.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyetangulia kaburini, ndiye alianza kushuka mtoni asubuhi kabla ya shule. Mtoto huyo ana akili, sifichi. Darasani kwao wengine wanagombania nambari mbili. Yale maji ya mto yalimpa homa ya matumbo. Alilala wodini mpaka nywele zikatoka kichwani kwa viganja. Nilipomletea uji aliniuliza, "Kogo," ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "zamani mlikuwa mnachota wapi?" Nikamwambia anyamaze anywe.

Alikuwa amerudi nyumbani, bado anatembea akishika ukuta, wakati chifu aliita baraza. Afisa wa kaunti, msichana wa heshima mwenye viatu vya mpira, alikuja kutufundisha maendeleo endelevu. Alisema ni kula cha leo bila kula cha yule hajazaliwa. Alisema mali, watu na ardhi lazima viende pamoja, kimoja kikiumia vyote vinaumia. Akauliza nani ana mfano.

Nikasimama. Naam, mimi. "Hakuna mtu hapa amepanda miti kunishinda."

Afisa akapiga makofi, peke yake. Jirani yangu akasema bila kuinuka, "Mwambie umeipanda wapi."

"Na mjukuu wake anachota wapi," mzee mmoja akaongeza. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuangalia chini.

"Ni wapi, mama?" afisa akauliza.

"Chemchemini."

Hakunigombeza. Alieleza polepole kwamba mti wenyewe hauna kosa, mahali pake ni kule juu kwenye changarawe, si miguuni pa maji. Alikuwa ananihurumia, na hiyo nilishindwa kuimeza. Kutukanwa nimezoea.

Wiki hiyo nikaita watu wa msumeno. Kijana wangu wa mwisho, ambaye shamba litabaki kwake, alikuja mbio.

"Mama, hizo hazijakomaa. Hiyo ndiyo nyumba yangu ya mawe unaangusha."

"Utakoroga simiti na mate?"

Zikaanguka zote. Lakini blugamu haifi kwa kukatwa. Mvua iliponyesha kila kisiki kikatoa machipukizi kama vidole vya maiti aliyekataa kuzikwa. Nayafyeka kwa panga kila Jumamosi. Nimechoma visiki moto, vimechipuka pembeni. Masika mawili yamepita. Nikichimba kufika kiwiko udongo ni baridi, una unyevu. Nikiufinya hautoi tone. Mtoto bado anashuka mtoni, siku hizi tunachemsha.

Juzi nilimkuta kijana wangu kule bondeni na kamba na vijiti, anapima mistari.

"Unapima nini?"

"Mahali pa majani chai, mama. Pamekaa bure."

"Pamekaa kungojea maji."

"Hayarudi. Wewe mwenyewe unaona hayarudi."

"Na mtoto achote wapi?"

"Wataleta maji ya mfereji."

"Lini?"

Alikunja kamba yake. Nikang'oa vijiti vyote mbele yake, nikavibeba nyumbani nikavitia motoni kupika chai, na yeye akainywa. Hakupandisha sauti hata mara moja. Nimemlea na adabu. Akaniuliza kama kifua bado kinanisumbua usiku, nikajua anahesabu masika yaliyonibakia. Anaweza kungoja. Jumamosi nitashuka na panga.