Gari Lenye Kitanda

Jumapili moja baada ya ibada, Mwaringa alimwambia mkewe kwamba anataka kumpeleka Mombasa kutembea, siku tatu. Hawatapanda basi, wala hawatalala kwa mtu. Watakodi gari lenye nyumba ndani yake.

Kahaso alikuwa akichambua mchicha. Mikono yake haikusimama.

"Nyumba ndani ya gari?"

"Lina kitanda, lina jiko, kila kitu. Liko Dabaso, kwa kijana anaitwa Ndirangu. Watalii hulikodi wakienda mbugani."

"Na sisi twaenda mbugani?"

"Twaenda Mombasa, Mama Dorcas. Kutembea tu."

"Tutamwona Dorcas?"

Mwaringa aliangalia pembeni. "Dorcas asiambiwe. Ana kazi zake."

Kahaso akasema ni vyema, akaendelea na mchicha wake. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa, mumewe alikuwa amempeleka Marafa mara nyingi, na kila mara ilikuwa matanga au mahari ya mtu. Neno kutembea hakuwahi kulitaja. Alikuwa mkulima wa Ganda, mtu wa mnazi na mkorosho, mtu ambaye viatu vyake vya kanisani vilinunuliwa mwaka Dorcas alipomaliza shule, na sasa Dorcas alikuwa Mikindani, huko huko Mombasa, na watoto wawili. Mtu kama huyo hauzi ng'ombe dume ili akalale ndani ya gari. Naye dume alikuwa ameshauzwa.

Tena Kahaso hakuwa mwanamke wa kufungwa kitambaa machoni. Miaka ishirini na mitatu alitandika vitanda katika hoteli moja ya ufuoni Malindi, hadi ilipofungwa. Kazi ile ilimfundisha kukisoma chumba kabla ya kumsoma mwenye chumba. Alimjua mgeni aliyelala peke yake, na alimjua yule aliyesema tu kwamba amelala peke yake. Wenzake walimwita Jicho. Kwa hiyo alianza kumsoma mumewe vile alivyokuwa akisoma vyumba, na alichokiona hakikumpendeza.

Kwa miezi mitatu sasa Mwaringa alikuwa akilala kwenye kochi sebuleni, karibu na mlango wa uani, akisema chumbani kuna joto. Simu alizipokelea katikati ya mihogo, kwa sauti ya chini. Kanisani, yeye aliyezoea kukaa mbele, sasa alikaa karibu na mlango, na kabla mahubiri hayajafika mwisho kiti chake kilikuwa kitupu. Kisha kulikuwa na ile siku ya Februari. Alisema anakwenda Kilifi kuonana na mnunuzi wa korosho. Alitoka na suruali ya kahawia, akarudi na ya buluu, ya mtumba, ndefu kupita miguu yake.

"Nilianguka kwenye matope," alisema siku ile.

Na Februari ile mvua haikuwa imenyesha hata tone.

Kahaso hakumuuliza zaidi. Aliliweka jambo lile moyoni, likakaa humo likichacha.

Siku ya tatu baada ya habari za gari, alipokuwa akifua, akapata karatasi katika mfuko wa shati la mumewe. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa Mwaringa, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la pili: *Gede, kipo. Matsangoni, kipo, nyuma ya duka. Kilifi, kipo lakini watu wengi. Vipingo, hakuna. Mtwapa, sijui.* Chini yake mstari mzito, na neno: *haiwezekani.*

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaisoma karatasi ile tena na tena. Kipo. Ni nini kilichopo Gede na Matsangoni, nyuma ya duka? Mtu aliyefanya kazi ya vyumba miaka ishirini na mitatu hahitaji kufikiri sana. Chumba kipo. Kilifi kipo, lakini watu ni wengi, mtu ataonekana. Basi alipoona haiwezekani, akatafuta chumba chenye magurudumu.

Lakini kama ana mwanamke, mbona anamchukua yeye Kahaso pia? Hapo ndipo hesabu ilipokataa, na hapo ndipo alipoogopa zaidi. Labda safari ya wawili ilikuwa ya kuwafumba watu macho tu. Labda huko Mombasa kuna karatasi za shamba za kutia kidole, na ndiyo sababu Dorcas asijue.

Alikwenda Malindi kwa rafiki yake Ummulkheir, waliyetandika naye vitanda kwenye hoteli ile, mwanamke ambaye wazazi wake walitoka visiwa vya kaskazini na ambaye hakuwahi kumaliza neno kwa haraka. Ummulkheir alimsikiliza hadi mwisho, akamtilia kahawa.

"Mwenzangu, usimuulize yeye," alisema. "Mwanamume ukimuuliza kabla hujajua, wamfundisha la kujibu. Nenda kaliangalie hilo gari. Kitanda hakijui kusema uongo, wewe mwenyewe ulikuwa ukituambia."

Kesho yake Kahaso alikuwa Dabaso. Alimkuta Ndirangu nyuma ya karakana yake, chini ya banda la makuti, akipangusa vioo vya gari jeupe lililoinuka mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee Mwaringa wa Ganda atasafiri na gari hili. Nimekuja kuangalia matandiko."

Ndirangu alimfungulia bila wasiwasi. Kahaso akapanda, akainua ncha ya shuka, akanusa mto, akapitisha kiganja chini ya godoro. Hakupata unywele wala marashi. Kitanda kilikuwa kimekaa wiki nzima bila mtu hata kukikalia.

"Alipokuja hapa, alikuja na nani?"

"Peke yake. Mara mbili."

"Akakipenda kitanda?"

Ndirangu alisita, kitambaa mkononi. "Mama, kusema kweli kitanda hakukitazama. Wateja wote huuliza mafuta, huuliza jiko, huuliza kama kuna chandarua. Yeye aliingia pale," akaonyesha mlango mwembamba nyuma ya kiti cha dereva, "akajifungia, akakaa kitambo. Alipotoka akaniuliza neno moja tu. Kama chaweza kutumika gari likiwa linakwenda. Nikamwambia ndiyo. Akanipa mkono, akasema basi, amelichukua."

Kahaso aliufungua mlango ule. Ndani kulikuwa na choo kidogo cheupe, na bomba la maji lisilozidi kidole.

Kipo. Matsangoni kipo, nyuma ya duka. Kilifi kipo, lakini watu wengi.

Kochi lile karibu na mlango wa uani, kiti kile cha kanisani, suruali ile ya Kilifi. Hapakuwa na mwanamke wala karatasi za shamba. Kulikuwa na mwanamume wa miaka sitini na sita asiyeweza kuzuia haja ndogo, naye alikuwa akijificha. Kahaso alitarajia moyo utulie baada ya kulijua hilo. Haukutulia. Alikuwa ameona wazee wengi wa namna hiyo hotelini, na baadhi yao hawakurudi msimu uliofuata.

Alimkuta Mwaringa nyumbani, akifua nazi kwenye kifuo cha chuma, makumbi yametapakaa miguuni.

"Baba Dorcas, ile suruali ya kahawia iko wapi?"

"Ipi?"

"Uliyokwenda nayo Kilifi."

Nazi ilibaki juu ya chuma. "Niliitupa."

"Kwa ajili ya matope?"

"Hapakuwa na matope," alisema Mwaringa, na maneno yaliyofuata aliyasema akiitazama nazi. Siku ile hakuwa akienda kwa mnunuzi wa korosho. Alikuwa amepewa barua Malindi, aende Mombasa kwa daktari mkubwa. Alipanda basi. Baada ya Matsangoni alimwomba kondakta wasimame, kondakta akamwambia avumilie hadi Kilifi. Hakuweza. Mama mmoja aliyekaa naye alihamia kiti kingine. Alishuka Kilifi amejifunga sweta kiunoni, akanunua suruali, akarudi.

"Miezi hii yote ulijua nafikiri nini?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nifikiri?"

"Niliona afadhali ufikiri nina mwanamke," alisema Mwaringa, "kuliko ujue najikojolea."

Kahaso alijisikia anataka kumpiga kwa ile nazi. Badala yake akanyoosha mkono. "Barua iko wapi?"

"Si nimekwambia?"

"Umeniambia mengi mwaka huu. Nataka barua."

Ilikuwa ndani ya debe la mbegu za mahindi. Akaisoma yote, hadi muhuri. Tezi dume. Tarehe mpya iliyoandikwa kwa kalamu ilikuwa ya Ijumaa ile ile ya matembezi yao.

"Kutembea tu," alisema, akaikunja.

Hakumsemesha hadi jioni. Baada ya chakula alichukua daftari, akakaa mbele yake, akaipanga ile safari upya. Alhamisi wataondoka mapema, gari litalala uani kwa Dorcas. Ijumaa hospitali. Jumamosi watatembea kweli, kwa sababu aliahidiwa na hakuwa tayari kunyimwa. "Na Dorcas utamwambia wewe, kwa mdomo wako," alimalizia. Mwaringa alibisha, kisha akachukua simu.

Ndirangu aliwaendesha mwenyewe. Kabla ya Kilifi Mwaringa alikuwa ameingia mlango ule mwembamba mara mbili. Karibu na Mtwapa malori yalifungana, wakakaa zaidi ya saa moja bila kusogea. Basi moja lilisimama sambamba nao. Mwaringa aliwatazama abiria kwa muda mrefu, uso wake umekaza, kisha akainuka taratibu na kuingia tena.

Hospitalini daktari aliomba azungumze na mzee peke yake. Kahaso hakuinuka.

"Nimeachwa nje tangu Februari, daktari," alisema. "Leo nakaa."

Daktari alimtazama Mwaringa. Mwaringa aliitikia kwa kichwa. Wakaambiwa tezi imevimba, kwamba siku ile ile watakata vipande vidogo wavipime, na kwamba majibu yatachukua wiki mbili.

Jumamosi walikwenda ufuoni pale ambapo watu wa mjini hupunga upepo, wakala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Kahaso hakuwa akitazama bahari. Alikuwa akimtazama mumewe anavyoketi, isije ikawa kuna neno daktari alilomnong'oneza mlangoni.

"Waumwa?"

"Hapana."

"Sema kweli."

"Naumwa kidogo," alisema Mwaringa. "Pale walipokata."

Jibu lile alilipokea. Akamsogezea mihogo.

Majibu yalipokuja hayakuwa ya saratani. Miezi miwili baadaye alipasuliwa, na kabla ya mavuno ya korosho akahama kutoka kwenye kochi. Kwa watu wa Ganda alisimulia habari za jiko la ndani ya gari, na taa zake, na msongamano wa Mtwapa. Habari za hospitali hakuzitia, na Kahaso hakumsahihisha.

Halafu asubuhi moja akaja Mangi, jirani wa upande wa mtoni, akapiga hodi na kusimama pale pale langoni. Alisema amesikia habari za lile gari. Angependa nambari ya kijana wa Dabaso. Alikuwa na nia ya kumpeleka mkewe mjini, wakatembee kidogo.

Kahaso alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Barua ya hospitali umeshapewa," aliuliza, "au bado?"

Mangi aligeuka kutazama njia aliyojia, akahakikisha haina mtu.

"Bado," alisema.

"Basi ingia ukae. Mwaringa yuko shambani, nakwenda kumwita."